Bango la Maji ya Kuoga

Haya yote ni kweli tupu. Kama nimeongeza chumvi hata punje moja, basi radi za Kasulu, ambazo kila masika huchagua mtu wao bila kukosea, zinichague mimi nikiwa juu ya bati. Waliokuwepo wako hai, waulizeni. Asije mtu akaniambia mzee ameanza tena.

Hilali alikuwa muuza vitenge mjini Kasulu, mtu wa heshima zake. Duka lake lilikuwa na mlango wa kioo, na kioo chenyewe hakikuwa na ufa. Alikuwa na mke mmoja, Mwamvua, na binti mmoja, Firdausi, anayesoma chuo Dar es Salaam. Siku Firdausi aliporudi likizo na kumwambia kwamba masomo yenyewe ni ya kutengeneza filamu, alimwambia kwa adabu kabisa, amepiga magoti na kikombe cha chai mkononi, kwa hiyo Hilali alikuwa ameshapokea kabla hajaelewa anapokea nini.

"Filamu yangu ya kumalizia chuo iko tayari, baba. Inaitwa Maji ya Kuoga. Mama ndiye mhusika mkuu."

"Mama yako yupi?"

"Huyu."

Hilali alimtazama mkewe. Mwamvua alikuwa anachambua maharage, na aliyachambua kama mtu ambaye jina lake halijatajwa.

Kumbe wiki zile alizokwenda Kigoma kufuata mzigo, uani kwake palikuwa pametengenezwa filamu. Na chuo kilikuwa na masharti. Filamu ionyeshwe kwa watu wa nyumbani, walipe kiingilio, ukumbi ujae na upigwe picha umejaa. Tena mwanafunzi athibitishe kwamba bango na kionjo chake, kile kipande cha kuonjesha watu filamu, alivirekebisha kwa maoni ya watazamaji. Asipotimiza, anarudia mwaka.

"Na ada ya kurudia mwaka?"

"Ni ileile, baba."

"Ileile ilikuwepo mwaka jana," akasema Hilali. "Mwaka huu ileile haipo."

Hata hivyo alilipia ukumbi. Ulikuwa Kibondo, kwa sababu wa Kasulu ulishikwa na semina, na semina ikishika ukumbi haiachii mpaka soda ziishe. Alilipa kwa fedha aliyokuwa ameitenga kununulia mzigo wa Idi. Alilipa akinung'unika, akahesabu mara mbili, akamwambia binti yake maneno ambayo kila baba wa pale huyasema akishindwa kusema anampenda: "Ukinitia hasara, utauza hapa dukani mpaka uzeeke."

Bango la kwanza likatoka. Lilikuwa zuri: Mwamvua amesimama na ndoo, mbingu ya bluu nyuma yake, na juu kwa herufi nyeupe MAJI YA KUOGA. Likabandikwa stendi, sokoni na kwenye mti wa jirani na msikiti. Firdausi akakaa kusubiri mrejesho.

*

Mrejesho ulikuja umebeba sukari.

"Hodi humu! Poleni jamani, poleni," akaingia Asmahani, jirani yao anayekaanga samaki wa migebuka barabarani. Aliweka juu ya meza kilo moja ya sukari na mche wa sabuni. "Shemeji Hilali, tungeambiana mapema. Jirani si mtu wa kusoma habari kwenye nguzo."

"Habari gani?"

"Za ugonjwa."

"Wa nani?"

Asmahani akashusha sauti, ambayo kwake ni sauti ya mtu wa kawaida. "Wa mama Firdausi. Bango nimeliona stendi. Mwanamke, ndoo, bluu nyuma, maandishi meupe. Hilo si la kipindupindu?"

Msimlaumu Asmahani. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nduta ifunguliwe tena, nyanda zile mtu ameshafundishwa. Akiona picha safi ya mwanamke na ndoo, anajua shirika limekuja. Nyuma ya bango inafuata gari nyeupe, nyuma ya gari sabuni, nyuma ya sabuni posho. Hakuna mtu Kasulu wala Kibondo aliyewahi kutazama ndoo kwa kulipa.

"Hiyo ni filamu!" akafoka Hilali. "Hamkuona imeandikwa kiingilio?"

"Tumekiona, tukasikitika. Tukasema hata mashirika nayo siku hizi yameishiwa."

Kabla ya adhuhuri watu watatu walikuwa wamefika dukani kuuliza kama majina yanaandikishwa pale. Wa nne hakuuliza, aliandika lake mwenyewe nyuma ya risiti, akaongeza la mkewe na la mama mkwe wake, akasema sabuni akipewa ya unga itakuwa vizuri zaidi. Hilali alifunga mlango wa kioo. Wakaendelea kumpungia mkono nje ya kioo.

Firdausi, badala ya kulia kama binti mwenye akili timamu, alikuwa anafurahi. "Baba, huu ndio mrejesho wenyewe! Sasa najua wanaona nini."

"Mimi ukutani hapa nimeandika mali ikiuzwa hairudishwi. Umesoma hapa, ukaenda Dar kujifunza kurudishiwa."

*

Firdausi akarudi mtaani kuuliza watu wanataka aongeze nini. Wakamwambia, kwa umoja ambao Kasulu haijawahi kuuonyesha kwenye jambo jingine lolote, aongeze mwanamume. Basi bango la pili likatoka na Tharsisi pembeni ya Mwamvua. Tharsisi alikuwa mpishi mstaafu kutoka Kabanga, mgane, mpole, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, na ndiye aliyeigiza mume. Bangoni alitabasamu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali, mzee mmoja alimshika Hilali mkono na hakuuachia.

"Nakupongeza," akasema. "Kuachana bila kelele si kila mwanamume anaweza. Tena na picha umewaruhusu wapige."

"Mimi sijaachana na mtu!"

"Ndiyo, ndiyo," akasema mzee kwa huruma, akiutikisa mkono ule taratibu. "Mwanzoni ndivyo inavyokuwa."

Nyumbani Hilali aliingia bila salamu. "Litolewe! Leo hii! Bango la kwanza nimekuwa mume wa mgonjwa, la pili sijawa mume kabisa. La tatu mtanifanyia maziko?"

"Baba Firda, viatu," akasema Mwamvua. Hilali alikuwa amesimama katikati ya mkeka na viatu vyake.

Akavua. Na akiwa pekupeku akatangaza kwamba bango la tatu atalibuni mwenyewe, kwa sababu humu ndani mtu anayejua biashara ni mmoja. Alisimama nyuma ya kijana wa stationari aliyekuwa akiwachapia mabango, akamwelekeza: moto upande huu, bastola upande ule, na juu, badala ya mbingu ya bluu iliyoleta balaa, helikopta. Mwamvua alibaki palepale katikati na ndoo yake, helikopta ikimpitia kichwani.

Vijana wa bodaboda walikusanyika. "Mzee Hilali, hii ni noma! Helikopta inatokea dakika ya ngapi?"

Hilali akamgeukia Firdausi amjibie. Lakini binti yule walimlea wenyewe, kwa gharama, asiseme uongo.

"Haitokei," akasema.

"Sasa imekuja bangoni kufanya nini? Kuchota maji?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha pikipiki. Tiketi hawakununua. Na siku ya onyesho ilikuwa inakaribia, na ukumbi wa Kibondo ulikuwa umelipiwa mtupu.

Usiku ule Firdausi hakula vizuri. "Kosa ni langu," akasema. "Nawauliza kama wanapenda, na wanataka niongeze nini. Hapa kila mtu ana cha kuongeza. Nilitakiwa niwaonyeshe tu, halafu niulize wameona nini, ninyamaze."

"Kunyamaza," akasema Mwamvua, "si kazi rahisi kama watu wanavyodhani."

Hilali akakohoa, ingawa hakuwa na kifua.

*

Siku ya gulio la Murungu, kule Kibondo, baba na binti walikwenda pamoja, yeye na mzigo wa vitenge, binti na simu yake. Firdausi alichuchumaa kwa mama mmoja muuza maharage aitwaye Irakoze, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwanangu. Haya ni ya njano, hayasumbui kuiva."

"Sinunui, mama, naomba utazame kitu kidogo."

Kionjo kilikuwa kifupi. Mwamvua anatoka jikoni na ndoo ya maji ya moto, mvuke unapanda. Mumewe wa filamu, Tharsisi, yuko mlangoni pa bafu, taulo begani, sabuni mkononi, anasema, "Ahsante, mke wangu." Mwamvua anamtazama. Halafu anageuka na ndoo yake, anakwenda kuyamwaga maji yote kwenye shina la mgomba, anaingia ndani. Basi.

"Umeona nini, mama?"

"Nimeona mgomba umeungua."

"Na kingine?"

"Nimeona mwanamke aliyekasirika mpaka mwisho. Hebu rudisha." Akatazama tena. "Sasa huyu mugabo wake alimkosea nini?"

Firdausi alifungua mdomo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, akaufunga.

"Si nakuuliza wewe? Alimkosea nini?" Irakoze akaita wa jirani. Wa jirani akatazama, akaita wa mihogo.

"Amekunywa hela ya mbolea huyo," akasema wa mihogo.

"Oya, hapana! Ya mbolea unamtukana, yanaisha. Huyu hasemi kitu," akakataa Irakoze.

"Basi ameoa huko Kigoma," akasema wa jirani.

"Angekuwa ameoa, maji yale yangemwagwa kwa mume, si kwenye mgomba," akasema Irakoze. "Hili ni jambo dogo. Wanaume wakubwa wakikosea, hukosea vitu vidogo vibaya. Na hajaomba msamaha. Mtazame uso, anasema ahsante kama aliyesahau!"

Wateja walikuwa wanangoja, maharage yako kwenye mzani, na hakuna aliyepima. Walibishana mpaka mwanamume mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi akachukua upande. Nao hawakujua filamu ni nini wala inaonyeshwa wapi. Walitaka jibu tu.

Hatua chache kutoka pale, Hilali alikuwa anampimia mteja kitenge. Alipima, akakata, akafunga. Mteja alikunjua, akapima kwa mkono wake, akaondoka haraka bila kuaga. Hilali alikuwa amemkatia zaidi. Waliokuwa wakimfahamu miaka yote wanasema hilo halikuwahi kutokea, na wengine hata sasa hawaliamini.

*

Bango la nne lilikuwa kwenye kompyuta, mezani. Mwamvua amegeuza mgongo. Mume amesimama mlangoni pa bafu na taulo na sabuni, mkavu, hana maji. Juu, jina la filamu dogo. Chini, makubwa, maneno ya Murungu: KWANI ALIMKOSEA NINI?

"Hapana," akasema Hilali.

"Kwa nini, baba?"

"Rangi."

"Rangi ipi?"

"Zote."

Firdausi hakuelewa. Alikuwa shule ya bweni kiangazi kile cha zamani jambo lenyewe lilipotokea, na mama yake alipomsimulia habari ya ndoo alimsimulia kama jambo la mwanamke fulani. Lakini Mwamvua alielewa, na Hilali alielewa kwamba Mwamvua ameelewa. Kiangazi kile kizima nyumba hii ilikuwa na mke asiyesema na mume anayeoga maji baridi ya Kasulu, ambayo alfajiri ya Julai humfanya mtu akumbuke dhambi zake zote kwa mpangilio. Mtaa ulijua kulikuwa na jambo. Jambo lenyewe haukulijua, na Hilali alikuwa amepanga kuzikwa nalo.

Firdausi alipotoka kwenda uani, Hilali akainama karibu na mkewe. "Mama Firda. Humo kwenye filamu... jibu limo?"

"Nenda ukatazame," akasema Mwamvua. "Kiingilio si kimeandikwa bangoni?"

"Nakuuliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema. Ukumbi umelipia wewe, karatasi unalipia wewe. Hutaki, usichapishe. Mtoto atarudia mwaka, au atakaa hapa dukani akukatie vitenge. Mimi sitasema kitu. Unajua naweza."

Asubuhi Hilali alikwenda stationari mwenyewe. Njia nzima alikuwa na nia ya kusema wachapishe lile la helikopta. Kijana akamfungulia lile la nne kwanza, na hapo wateja wawili waliokuja kutoa kopi wakaacha kopi zao, wakasogea. "Eh, kwani alimkosea nini?" mmoja akauliza. Mwingine akasema, "Lazima alifanya." Hilali alikuwa amekaa nyuma ya kaunta umri wake mzima akingoja mteja asogee namna ile. Mfanyabiashara aliyekuwa ndani yake akamsaliti mume mchana kweupe.

"Chapa hilo," akasema. "Chapa mengi."

Wiki ile duka lilijaa watu wasionunua. Waliingia, wakashika kitambaa kimoja wakakiachia, wakauliza. Asmahani aliuliza akiingia, akauliza akitoka. Yule mzee wa msikitini alikuja na kigoda chake.

"Mimi sijaitazama hiyo filamu," Hilali aliwajibu wote.

"Si mkeo?"

"Anaigiza!"

"Anaigiza vizuri sana," wakasema, na kukaa.

*

Ukumbi wa Kibondo ulijaa saa nane mchana. Murungu walikuja na mikeka, bodaboda wa Kasulu walikuja kuhakikisha hakuna helikopta, na Irakoze alikaa mstari wa mbele, kanga mbili, mikono imekunjwa. Hilali alikaa nyuma, karibu na mlango.

Filamu ilipendwa. Walicheka pale Tharsisi anapojaribu kuchemsha maji mwenyewe na kuunguza sufuria tupu. Walinyamaza pale Mwamvua anapokula peke yake jikoni akiwa ameegemea ukuta, mgongo tu unaonekana. Mwisho akatoka na ndoo, mvuke ukapanda, akaiweka mlangoni pa bafu akaondoka. Mume akaichukua. Skrini ikawa nyeusi.

Watu wakangoja. Skrini ikaendelea kuwa nyeusi.

"Na jibu?" akauliza Irakoze.

Firdausi akapanda jukwaani na kipaza sauti. Alikuwa na sauti ya chuo. "Ahsanteni sana. Filamu inawaachia watazamaji wajaze wenyewe."

"Tujaze wenyewe?" Irakoze alisimama. "Basi na kiingilio ukajaze mwenyewe! Bango limeuliza, tumelipa, tumekaa. Alimkosea nini?"

"Rudisheni hela!" akasema mtu wa nyuma, na neno hilo hupita ukumbini haraka kuliko moto. Viti vikaanza kukwaruza. Mstari wa kwanza ukaelekea kwenye meza ya tiketi. Kamera ya picha ya ukumbi uliojaa ilikuwa bado mikononi mwa Firdausi, haijapiga, na ukumbi ulikuwa unaanza kutoka. Alimtazama mama yake aliyekaa pembeni ya jukwaa. Mwamvua alikuwa anapanga bangili zake mkononi, moja baada ya nyingine.

Hapo Hilali akasimama. Wapo wanaosema alisimama kwa ujasiri. Mimi nasema miguu ilitangulia, mwenyewe akaikuta juu.

"Kaeni," akasema. "Mtu yule ni mimi."

Wakakaa. Hata wa mlangoni walikaa chini palepale.

"Ilikuwa harusi ya mdogo wa mke wangu, hapa hapa Kibondo. Madada walichagua kitenge kimoja cha sare, wote wavae sawa. Cha mke wangu alikiweka dukani kwangu, kwenye rafu ya juu, akaniambia ni chake. Akaja mama mmoja wa shirika, akakipenda kilekile, akataja bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja. Nikamuuzia."

"Ukamwambia nini mkeo?" akauliza Irakoze.

"Nilimwambia kimeliwa na panya."

"Panya!"

"Panya."

"Na huyo panya alikuja harusini?"

Hilali akainamisha kichwa. "Alikuja. Alikuwa mgeni mwalikwa. Wapiga picha wakamvuta mbele na madada, kwa kuwa amevaa sare. Mke wangu alikuwa na gauni la kijani. Wakamwomba asogee kidogo, picha ni ya familia."

Ukumbi mzima ulimgeukia Mwamvua, na bangili zake zikaacha kulia.

"Uliomba msamaha?" akauliza Irakoze, polepole.

"Sikuomba. Maji ya moto yaliporudi, nikajua yameisha."

Ndipo Mwamvua akasema, bila kipaza sauti. "Yalirudi kwa sababu ulishikwa na mafua, ukawa unanikoromea usiku kucha."

Hapo walicheka mpaka mabati yakatikisika, na Hilali akacheka nusu, kisha akaona kwamba kucheka si zamu yake. Akapita katikati ya watu mpaka mbele. "Nisamehe, Mwamvua," akasema. Hakusema mama Firda. Kasulu yote iliyokuwepo ilisikia.

"Nimesikia," akasema Mwamvua.

Basi. Neno hilo tu. Firdausi akapiga picha, ukumbi umejaa, kila shingo imenyooka. Njiani kurudi Murungu watu walibishana kama "nimesikia" ni ndiyo au hapana, na nasikia hawajamaliza.

Chuo kilimpitisha. Mwalimu wake aliisoma taarifa ya onyesho, akaandika kwamba matumizi ya maoni ya watazamaji ni ya mfano, na akamsifu yule mwigizaji aliyepandikizwa nyuma ya ukumbi, ingawa alidhani amezidisha kidogo pale pa panya.

Na mwisho wa yote, yule mama wa shirika, ambaye muda wote alikuwa amekaa katikati ya watu, akainuka akilia, akakifungua kitenge kilekile kiunoni, akamvika Mwamvua mbele ya umati...

Hapa nilipofika, nikiwasomea watu barazani kwa Hilali, Mwamvua alitoka ndani na ungo wake.

"Mzee wangu, shikamoo. Nani huyo amefungua kitenge?"

"Marahaba. Yule mama wa shirika."

"Aliyehamishwa mwaka uleule wa harusi, hajarudi Kibondo mpaka leo? Akaja akavua nguo mbele ya watu na mimi niliyevishwa sijui?"

Nikasema ukumbi ulikuwa na giza. Akasema ilikuwa saa tisa mchana, madirisha wazi. Nikasema hadithi ilihitaji mwisho. Akasema niliapa mwanzoni, na baraza zima lilinisikia. Basi, akasema, mwisho huo nitaulipia mwenyewe. Akaingia dukani, akachagua taratibu, akateremsha doti nzima kutoka rafu ya juu, akaiweka begani kwake.

Nimelipa. Nilimtazama Hilali kwa jicho la wanaume, anipunguzie. Akatazama dari.